Jiko lilale nje: namna ya kuvuka baridi ya Juni hadi Agosti getoni

Mitihani ya muhula wa pili mara nyingi huangukia Julai, na Julai ndiyo baridi yenyewe Mbeya, Iringa na Njombe. Saa sita usiku mwanafunzi kajikunyata na madaftari, upepo unapenya chini ya mlango. Anaingiza jiko alilopikia. Mkaa umeshakolea, mwekundu, hautoi moshi hata kidogo. Anaziba uwazi wa mlango kwa kanga, anafunga dirisha, anajilaza. Hivyo ndivyo watu hufa usingizini, na mara nyingi hufa wawili au watatu pamoja kwa sababu geto ni la kuchangia.

Kosa linaanzia kwenye moshi. Wengi wanaamini sumu ya mkaa imo kwenye moshi, kwa hiyo ukiisha na hatari imeisha. Kumbe moshi una nafuu, maana unawasha macho na kukukimbiza. Kinachoua ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, na mkaa mwekundu huitoa kwa wingi. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Kwetu milimani hali ni ngumu zaidi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kuliko ya Dar es Salaam.

Kuna kinga za kuambiana tu ambazo hazikingi. Beseni la maji chumbani halisaidii, kwani gesi hii haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukuokoa. Kufukia makaa kwa majivu kunayafanya yaishi mpaka asubuhi yakiungua kwa hewa kidogo, na kuungua kwa hewa kidogo ndiko kunakozaa kaboni monoksidi. Dirisha lililoachwa wazi vidole viwili nalo halitoshi. Kanuni ni moja: jiko lilale nje, hata mvua ikinyesha, hata kama mkaa umebaki mwingi.

Unaouma ni huo mkaa unaobaki, maana umenunuliwa. Tafuta debe au ndoo ya bati yenye mfuniko unaobana. Ukimaliza kupika barazani, mimina makaa humo kwa koleo, funika, liache debe hukohuko nje, juu ya saruji au matofali, mbali na ukuta wa mbao. Makaa yatazimika kwa kukosa hewa na kesho utayawasha tena. Usiliingize debe ndani kabla halijapoa kabisa hadi chini. Kuzima kwa maji ya kumwaga kwa mkupuo kunarusha mvuke na majivu ya moto usoni. Ukilazimika, nyunyiza kidogo kidogo ukiwa umesimama pembeni.

Sasa joto litoke wapi? Lianzie chini yako. Godoro lililolazwa kwenye saruji linanyonywa joto usiku kucha, na blanketi la tatu juu halitalipa hasara hiyo. Tandika katoni zilizokunjuliwa, tabaka mbili au tatu, juu yake mkeka, ndipo godoro. Asubuhi inua vyote vipate hewa, la sivyo unyevu utaleta ukungu. Sweta mbili nyepesi za mtumba hutunza joto vizuri kuliko moja nzito, kwa sababu hewa hukaa katikati yake. Soksi ziwe kavu, si zile ulizoshinda nazo. Kofia ivaliwe kitandani bila aibu.

Mfuko wa mpira wa maji ya moto ni ununuzi mzuri kuliko gunia la mkaa. Acha maji yaliyochemka yatulie dakika 5 hadi 10, jaza theluthi mbili, kamua hewa, kaza kizibo, upindue kuona kama unavuja. Uzungushie taulo na uuweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa isitumike: hulegea kwa maji ya moto, kizibo kikaachia na ukaungua ukiwa umelala.

Hita ya umeme haitoi gesi hii, ila ina moto wake. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 hula karibu ampea 9. Ongeza birika la wati 1,500 kwenye ekstensheni hiyohiyo, unafika ampea 15, wakati plagi yake ni ya 13, na nyaya za ekstensheni nyingi za bei rahisi hazihimili hata hizo 13. Gusa plagi baada ya dakika kumi: ikiwa ya moto, chomoa. Hita iwe peke yake kwenye soketi ya ukutani, mita moja kutoka kwenye blanketi na pazia, na izimwe kabla ya kulala.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Hufanana na malaria au uchovu wa kusoma. Zikiwapata wawili kwa pamoja chumbani, au zikipungua ukitoka nje, chukulieni kuwa ni gesi. Tokeni wote kwanza.

Ukikuta mtu amelala haamki na jiko lipo ndani, usiinamie kumwita. Vuta pumzi ukiwa nje, ibane, fungua mlango na dirisha, mburute mpaka nje. Kama anapumua mlaze ubavu. Kama hapumui, mkandamize katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5, mara 30, kisha pumzi 2, endelea hivyohivyo. Mwenzako apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji na atafute bajaji au teksi. Bodaboda haimfai asiyejitambua. Maziwa usimpe. Hata akizinduka aende hospitali, na mwambie mhudumu waziwazi: "Tulilala na jiko la mkaa." Kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa ilhali si kweli. Kwa hewa ya kawaida sumu hupungua nusu kwa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni safi ya barakoa ni kama saa moja na nusu au pungufu. Mjamzito apelekwe haraka zaidi, maana mtoto tumboni huumia kuliko mama.

Waliobaki na wajibu ni waden wa hosteli, serikali ya wanafunzi na wenye nyumba za Iyunga, Mbeya, na Kihesa, Iringa. Kagueni vyumba wiki ya mwisho ya Mei, kabla baridi haijakaza. Angalieni matundu ya hewa juu ya madirisha: mengi yamezibwa na rangi, magazeti au dari jipya. Yafunguliwe. Jengeni kibanda cha kupikia chenye paa na pande mbili wazi, kwa sababu mwanafunzi asiye na pa kupikia wakati wa mvua ataliingiza jiko ndani, tangazo liwepo lisiwepo.