Kununua nyumba England: maswali ya kisheria ninayoulizwa kila siku

Tangu tupate kwetu hapa Leicester simu hazikatiki, shemeji anauliza, jirani anauliza, vijana wa msikitini wanauliza, na maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeona niyaandike yote mara moja. Mimi sio mwanasheria, haya ni niliyoyapitia na kuyasoma kabla ya kusaini, na yanahusu England tu manake Scotland wana utaratibu wao kabisa.

Kubwa kuliko yote, na ndo watu hawaliamini: ofa yako ikikubaliwa bado huna kitu. Ajenti anakupigia anakupa hongera, wewe unapiga Tanga unawaambia nyumba imepatikana, kumbe mwenye nyumba anaweza kuamka kesho akamuuzia mwingine aliyeongeza pauni elfu tano na huna pa kumshtaki. Sheria ya 1989 inataka makubaliano ya kuuza nyumba yawe ya maandishi na yenye saini, na kinachowafunga wote wawili ni ile siku mawakili wanapobadilishana mikataba, kabla ya hapo yeyote anaweza kutoka. Sisi yalitukuta, tulishalipia survei (ukaguzi wa hali ya jengo) na upekuzi wote wa kumbukumbu za nyumba unaofanywa na wakili, wiki ya saba tukaambiwa amepatikana mwenye dau kubwa zaidi, na hela ya survei hairudi. Kwa hiyo ofa ikipita mwambie ajenti aitoe nyumba sokoni siku hiyohiyo na akuthibitishie kwa imeili, haiwi sheria lakini inasaidia, halafu kila karatasi wakili anayokuomba mpelekee leo usingoje wikiendi.

Mikataba ikishabadilishwa mambo yanageuka. Hapo unatoa dipoziti, kawaida asilimia 10 ya bei, na ukirudi nyuma inaliwa. Bima ya jengo nayo ianze siku hiyo, usisubiri siku ya funguo, kwa mikataba ya kawaida nyumba ikiungua hapo katikati hasara ni ya mnunuzi.

Wakili: unaweza kutumia solisita (mwanasheria) au konveyansa (mtaalamu wa kuhamisha umiliki wa nyumba tu), wote wanaruhusiwa, hakikisha tu kwamba solisita yuko chini ya SRA na konveyansa yuko chini ya CLC, hivyo ndo vyombo vinavyowasimamia. Ajenti akikung'ang'aniza umchukue wakili wake hulazimiki, ajenti analipwa na muuzaji.

Sasa hili la kodi ndo linawaumiza watu wetu. Mnunuzi wa mara ya kwanza halipi ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali ya kununua nyumba, mpaka bei ya pauni 300,000, ikivuka hapo analipa asilimia 5 ya kinachozidi, na bei ikipita 500,000 nafuu yote inaondoka. Lakini mara ya kwanza maana yake hujawahi kumiliki nyumba POPOTE DUNIANI. Ile nyumba uliyojenga Kigamboni inahesabika, na uliyorithi kwa marehemu baba nayo inahesabika. Na kama unayo nyumba nje yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi na hii mpya haichukui nafasi ya nyumba unayoishi uliyoiuza, unaongezewa asilimia 5 juu ya bei yote. Chukua nyumba ya 280,000. Wa mara ya kwanza analipa sifuri, aliyewahi kumiliki ila sasa hana nyingine analipa 4,000 ya viwango vya kawaida, mwenye nyumba nyingine analipa hiyo 4,000 na nyongeza, jumla 18,000! Nyumba ya mwenzi wako inaingia pia kwenye hiyo nyongeza hata kama jina lake halimo kwenye ununuzi. Kiwanja kitupu au shamba lisilo na nyumba halina shida. Usifiche, mwambie wakili mwanzoni kabisa, manake yeye ndo anajaza fomu kwa niaba yako na HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, wanataka fomu na hela ndani ya siku 14, na jibu la uongo ni lako wewe.

Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaouliza kama wanaruhusiwa kununua, ndiyo, sheria haiangalii uraia, ila asiyekaa Uingereza siku 183 katika mwaka mmoja kabla ya kununua anaongezewa asilimia 2 nyingine.

Hela umeitoa wapi? Wataliuliza mpaka uchoke, usichukie, ni sheria ya kuzuia utakatishaji fedha. Kama sehemu ya dipoziti imetoka kwenye upatu au kikoba, weka kumbukumbu za michango na nani alipokea lini. Mjomba akikuchangia, aandike barua kwamba ni zawadi na sio mkopo, na hadai sehemu ya nyumba, halafu naye atoe kitambulisho na statimenti za benki yake. Keshi ya mkononi mawakili wengi hawaigusi.

Mkinunua wawili simameni hapa kidogo. Kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa nyumba yote inakwenda kwa aliyebaki moja kwa moja, wosia wala mirathi ya Kiislamu haiigusi. Na kuna umiliki wa hisa, mfano 60 kwa 40, ambapo hisa yako inafuata wosia wako. Kama una watoto wa ndoa ya kwanza, au unataka warithi wako wapate mafungu yao, chagua hisa na uandike wosia wa Kiingereza unaokubalika huku, manake bila wosia mahakama za huku zinafuata mgao wao wenyewe.

Fleti nyingi ni za lizi, yaani unanunua haki ya kuimiliki kwa idadi fulani ya miaka. Uliza imebaki mingapi, ikishuka chini ya 80 kuiongeza kunakuwa ghali na benki zinasita, halafu omba hesabu za miaka mitatu za ada ya huduma uone inavyopanda.

Thamani inayopimwa na benki ni kwa ajili ya benki, survei yako lipia mwenyewe. Nyumba yetu ilikuwa na jiko lililoongezwa nyuma, zuri kabisa, wakili akaomba cheti cha ukaguzi wa ujenzi kutoka halmashauri, hakipo. Muuzaji akatoa bima ya kufidia. Ile bima inakulinda halmashauri ikikufuata, haishiki paa likiporomoka. Tukamleta mhandisi akapanda juu na tochi, akakuta boriti imekaa vizuri, ndipo tukasaini.

Kabla ya kutuma dipoziti MPIGIE wakili kwa namba iliyo kwenye barua yake ya kwanza. Matapeli wanaingia kwenye imeili na kukuletea namba mpya ya akaunti, watu wamepoteza akiba ya maisha hivyo. Mimi nilitaja namba moja moja na dada wa ofisini akawa anaitikia, nikatuma pauni 1, akathibitisha imefika, ndo nikatuma zilizobaki.

Ukishapata funguo usisubiri hati ya karatasi. Umiliki unaandikwa kwenye rejista ya HM Land Registry na inaweza kuchukua miezi, nakala unanunua mtandaoni kwa pauni 7. Ikitoka, linganisha jina lako na pasi herufi kwa herufi. Langu walikuwa wameruka h moja.