Hewa iliyoziba mlango: hesabu ya mvuke unaotoka majini

Hapa Kongowea, Mombasa, wakati wa kaskazi, maji ya kwenye sinia juani hupungua milimita chache tu kutwa nzima. Fuateni hesabu hii, mtaona ajabu yake.

Hatua ya 1. Chukua maji ya nyuzi 30, yaani Kelvin 303. Mvuke wake uliokolea (uliofikia ukomo wake kwa joto hilo) una presha ya kilopaskali 4.24.

Hatua ya 2. Kwa fomula ya wanasayansi Hertz (1882) na Knudsen (1915), inayokadiria molekuli (chembe ndogo za maji) zinazoruka kutoka majini, gawanya 0.018 (uzito kwa kilo wa moli moja ya maji, yaani fungu maalumu la molekuli) kwa 2π × 8.314 × 303. Tafuta kipeuo cha pili, uzidishe kwa paskali 4,240. Utapata takriban kilo 4.5 kwa kila mita mraba, kila sekunde! Sinia yenye kina cha sentimita 3 ingekauka kwa sekunde saba.

Hatua ya 3, na hapa msiharakishe. Hesabu hiyo ni ya molekuli zinazotoka majini tu. Toa zinazorudi, ukitumia presha ya mvuke uliogusana na maji, si ya hewa yote. Katika mchanganyiko kila gesi huhesabiwa kwa presha yake. Oksijeni na nitrojeni hugonga maji na kurudi zilikotoka. Lakini ndizo zinazoziba njia: molekuli ya maji hukimbia karibu mita 600 kwa sekunde, ila haifiki hata mikromita moja kabla ya kugongana na nyingine. Nyingi hurudishwa majini. Kinachobaki ni tofauti ndogo mno kati ya namba mbili kubwa.

Maswali

Likoni: Mwalimu, na glasi ya ukwaju baridi inayotoa jasho?
Ni hesabu ile ile kinyume. Mvuke uliokolea kwenye glasi ya nyuzi 5 una kilopaskali 0.87, na mvuke wa hewa yetu yenye unyevu huzidi 3. Molekuli zinazofika ni nyingi kuliko zinazotoka. Hewa isiyogeuka maji hujikusanya kwenye kioo na kuuzuia mvuke. Katika mitambo ya mvuke, hewa ya nusu asilimia tu yaweza kupunguza upitishaji joto kwa karibu nusu, ndiyo maana hufungwa pampu za kuinyonya.

Mtwapa: Si molekuli zote zinazogonga maji hunata?
Swali zuri sana. Fomula huzidishwa kwa kigawe cha kunata (sehemu ya molekuli zinazogonga maji na kubaki), na vipimo vya maji vimetofautiana kuanzia 0.01 hadi 1. Kwa sinia yetu hakibadilishi mengi, maana kinachochelewesha ni hewa. Ukiiondoa hewa, kigawe hicho ndicho kinachotawala.