Namna ya Kupika Nyama ya Ng'ombe kwa Bia Nyeusi katika Nyanda za Juu Kusini

Nyama inayouzwa katika mabucha mengi ya Mbeya na Iringa hutoka kwa ng'ombe wa asili waliokua wakila nyasi na kutembea mwendo mrefu kutafuta malisho na maji, kwa hiyo ina ladha nzuri lakini pia ina kano nyingi na haipendi haraka. Kuipika polepole ndani ya bia nyeusi ni desturi ya Ulaya ya kaskazini: Wabelgiji wa Flanders huita chakula hicho stoofvlees na hukila kwa chipsi, na watu wa Ayalandi hutumia Guinness. Mpishi wa huku kwetu atakutana na mambo mawili yanayohitaji uangalifu, nayo ni uchungu wa bia na maji ya milimani yanayochemka kabla hayajafika nyuzi 100. Mengine yote ni mapishi ya kawaida.

Ukifika buchani omba nyama ya mkono wa mbele, shingo, kidari au muundi. Fileti haifai, kwani haina kano za kuyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Itakauka tu, nawe utakuwa umelipa bei kubwa bure. Mwombe muuzaji akupe pande zima ukalikate mwenyewe nyumbani kwa kisu, au alikate vipande vya upana wa sentimita 4 hadi 5, maana kukatakata kwa shoka juu ya kigogo huacha vipande vidogo visivyolingana pamoja na vijiti vya mifupa vitakavyowasumbua walaji. Akikuongezea kipande kidogo cha nundu, kipokee kwa shukrani. Mafuta yake yanafaa kukaangia.

Kuhusu bia, rangi yake nyeusi hutokana na nafaka iliyokaangwa hadi ikakaribia kuungua kama kahawa, na uchungu wake una asili mbili: nafaka hiyo pamoja na mmea wa hopsi. Guinness ni chungu zaidi na hudai kuchanganywa na supu ya mifupa. Castle Milk Stout imewekwa sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiwezi kuigeuza kuwa pombe, ndiyo maana utamu wake hubaki hadi mwisho. Kwa anayejaribu mara ya kwanza ningependekeza hiyo. Bia za kawaida za rangi ya dhahabu zina uchungu wa hopsi bila ladha ya nafaka iliyokaangwa, na mchuzi wake huwa mwepesi na mkali. Wapo watakaouliza kama ulanzi unaweza kushika nafasi hiyo. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi uliochachuka, una uchachu na hauna nafaka ndani yake, kwa hiyo utapata chakula kingine kabisa, pengine kizuri, lakini si hiki.

Kwa walaji wanne au watano, andaa kilo 1 ya nyama isiyo na mfupa, nusu kilo ya vitunguu maji, mililita 500 za bia nyeusi, mililita 250 za supu au maji, karoti mbili, punje nne za kitunguu saumu, vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, mafuta, chumvi, pilipili manga, kipande cha sukari guru, siki kidogo, na kama unayo, haradali pamoja na kipande cha mkate. Sufuria iwe na kitako kizito na mfuniko unaobana. Zile nyembamba za alumini huunguza chini huku juu pakiwa bado.

Futa nyama kwa kitambaa safi mpaka ikauke, itie chumvi, kisha ikaange katika mafuta ya moto vipande vichache kwa wakati mmoja bila kufunika. Nyama hupata rangi ya kahawia na harufu ya kuchomwa pale tu uso wake unapofikia takriban nyuzi 140, na uso wenye maji hauwezi kufika huko. Ukijaza sufuria, vipande vitatoa maji na kujichemsha vyenyewe, navyo vitakuwa vya kijivu. Kila upande upewe dakika zake. Kazi hii ichukue robo saa au zaidi.

Toa nyama, punguza moto, weka vitunguu vilivyokatwa vipande vyembamba na uvikaange taratibu kwa nusu saa hadi vilainike na kuwa vya rangi ya asali. Wapishi wengi hukatisha hatua hii, ilhali utamu wa vitunguu hivyo ndio hasa unaokabiliana na uchungu wa bia. Ongeza kitunguu saumu, nyanya ya kopo na unga, koroga dakika mbili, kisha mimina bia kidogo kidogo, kwa sababu povu hupanda ghafla, huku ukikwangua kwa mwiko yale yaliyoshika chini ya sufuria. Iache ichemke wazi dakika tano, rudisha nyama, tia supu na pilipili manga. Kimiminika kifike karibu na juu ya nyama bila kuizamisha.

Sasa lifike suala la mwinuko. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Iringa ni pungufu kidogo ya 95, na Njombe, iliyo juu zaidi, ni chini ya 94. Kano huyeyuka na kuwa ute laini hata katika nyuzi 80, kwa hiyo joto letu linatosha, ila huchukua muda mrefu zaidi. Pale ambapo maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa pwani yanasema saa mbili na nusu, wewe panga saa tatu hadi tatu na nusu. Anayeona nyama bado ngumu hushawishika kuchochea moto, lakini maji yanayochemka hayazidi joto kwa kuchochewa. Hupungua tu kwa mvuke, na kadiri yanavyopungua ndivyo uchungu wa bia unavyojikusanya katika mchuzi unaobaki. Vyakula vingi vya aina hii vinavyoitwa vichungu vimeharibiwa hapo, wala si na bia yenyewe.

Kwenye jiko la mkaa, makaa yakishakolea yafunike kwa majivu na upalie machache juu ya mfuniko, kama unavyopalia wali, ili joto lije taratibu pande zote. Mchuzi utoe kipovu kimoja kimoja tu. Kila baada ya nusu saa chungulia, na ukiona umepungua sana ongeza maji ya moto, usiongeze bia. Presha kuka humaliza shida ya mwinuko kwa takriban dakika 50, ila humo kimiminika hakipungui, kwa hiyo anza na supu kidogo na umalizie bila mfuniko hadi mchuzi uwe mzito.

Karoti ziingie dakika 40 kabla ya kuepua. Wabelgiji huweka pia kipande cha mkate kilichopakwa haradali, nacho huyeyuka na kuufanya mchuzi ushikane. Nyama ikikatika kwa kijiko, onja. Uchungu ukizidi, anza na chumvi, kwa kuwa chumvi huufifisha uchungu kuliko wengi wanavyodhani, ndipo utie sukari guru kidogo, na mwisho matone ya siki.

Chakula hiki huwa kizuri zaidi kesho yake, kwani usiku mafuta hupanda juu na kuganda, ukaweza kuyatoa kwa kijiko. Kile kwa chipsi za viazi vya Njombe, kwa wali wa Kyela au ugali. Kabla ya kukipakua, waambie wageni kilichomo: vipimo vya Idara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba hata baada ya kuchemka saa mbili na nusu, takriban asilimia 5 ya pombe iliyotiwa bado hubakia, na mgeni asiyetumia kilevi kwa sababu ya dini au afya ana haki ya kupikiwa sufuria yake kwa supu tupu.