Kutoa Ardhi Yako Iwe Uwanja wa Umma Kenya: Somo Lote Mahali Pamoja

Swali ni lile lile kila mara: "Nina kipande cha ardhi, nataka kiwe pahali pa watoto kucheza na wazee kupumzika, na nisije nikafa wanangu wakakiuza. Nifanyeje?" Nimelijibu vipandevipande mpaka nimechoka, kwa hivyo leo naliweka lote. Ni sheria za Kenya tu. Mimi ni karani wa uhamisho wa ardhi, si wakili. Utakapofika kwenye kutia sahihi, lipa wakili.

Hatua ya 1. Toa search mpya (nakala ya kinachosomeka kwenye rejista ya ardhi kuhusu kipande chako), hata kama hati iko sandukuni mwako.

Hatua ya 2. Mwenzako wa ndoa akubali kwa maandishi ikiwa ardhi ni mali ya ndoa. Kama kuna mkopo juu yake, benki nayo ikubali.

Hatua ya 3. Chagua njia. Hapa watu hukimbilia neno "nitoe kwa serikali" bila kujua kuna njia nyingine.

*Kusalimisha au kuhamisha kwa kaunti.* Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali ardhi ya mtu binafsi kugeuka ya umma kwa uhamisho au kwa kusalimishwa. Kwa Kifungu cha 62 cha Katiba, ardhi iliyosalimishwa hivyo hushikwa na kaunti kwa niaba ya wakazi wake na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Faida: hulipi tena kodi ya ardhi, wala hufyeki nyasi. Hasara: si yako tena, na kesho kaunti ikitaka kujenga zahanati hapo utabaki kulalamika kama mkazi mwingine yeyote. Dawa yake ni kuandika matumizi ndani ya hati yenyewe ya kusalimisha, kisha kuiomba Tume iitenge rasmi kwa matumizi hayo.

*Amana.* Unaunda wadhamini, wanasajiliwa chini ya Sura ya 164 ya Sheria za Kenya (sheria ya wadhamini), na ardhi inaandikwa kwa jina lao. Hii inafaa mtaa wenye watu wa kuaminika na pesa kidogo za kulitunza eneo. Kama hakuna hata mmoja wa kufyeka, usijidanganye.

*Wakf.* Ni mali inayotolewa daima kwa sheria ya Kiislamu. Waislamu wengi wa Pwani hawahitaji kufundishwa. Mali ikishawekwa wakf kwa manufaa ya umma haiuzwi, hairithiwi, na mtoaji harudi nyuma. Zungumza na Tume ya Wakf kabla ya kuandika chochote.

*Isimenti ya mazingira.* Ndiyo ninayoipenda na ndiyo watu wasiyoijua. Ardhi inabaki yako na hati inabaki na jina lako, ila inabeba mzigo uliosajiliwa kwamba itabaki wazi. Iko kwenye Sheria ya Mazingira (EMCA) ya 1999, kifungu cha 112, na hutolewa na mahakama. Miongoni mwa malengo yanayotajwa humo ni kuhifadhi eneo la wazi, kuhifadhi mandhari, na kuruhusu watu kupita kwa miguu kwenye njia iliyoainishwa. Inaweza kuwa ya milele au ya miaka maalumu.

*Wasia.* Inawezekana, lakini wategemezi wako wanaweza kwenda mahakamani wakidai hukuwaachia cha kutosha, na mahakama ina uwezo wa kuwakatia fungu. Kama unaweza kutoa ukiwa hai, toa ukiwa hai.

Hatua ya 4. Kama unatoa sehemu tu ya shamba, mpima ardhi mwenye leseni aikate na ipate nambari yake. Ardhi ya kilimo haigawanywi bila idhini ya bodi ya ardhi. Hata kuitangaza ardhi hiyo kuwa ya amana kunahitaji idhini hiyo, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini, kazi yote ni batili.

Hatua ya 5. Usajili. Soma polepole.

Hapa ndipo viwanja vya umma hufia. Mtu anagawa shamba plot 40. Ili mpango upitishwe anaacha kipande cha "uwanja wa umma" kwenye ramani, na kila mnunuzi anaonyeshwa: pale watoto watacheza. Ramani inapigwa muhuri. Plot zinauzwa, mwenye shamba anapumzika, na HAKUNA anayekwenda masjala ya ardhi kukisajili kile kipande kwa jina la kaunti. Kwenye rejista kinabaki na jina la mgawaji. Miaka inapita, anafariki, watoto wanafanya urithi, wanakikuta kwenye orodha ya mali za baba. Wanakiuza. Mnunuzi ametoa search, imetoka safi, analeta mawe na mchanga, na wakazi wanasimama mbele ya lori wakipunga ramani. Hapo tena ni kesi ya miaka, na mawakili ndio wanaokula.

Kwa hivyo:

Rangi ya kijani kwenye ramani si hati. Barua ya kaunti ya "tumepokea kwa shukrani" si hati. Sherehe ya kukata utepe, hata gavana akiwepo, si hati. Usirudi nyumbani mpaka utoe search ya kipande hicho na uone mwenyewe jina la kaunti au la wadhamini, na kama ni isimenti, uione imeandikwa kwenye sehemu ya mizigo. Matumizi nayo yaandikwe kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma: "uwanja wa wazi wa umma, bila majengo ya kudumu". Ukiandika "manufaa ya umma" peke yake, hata kituo cha mafuta kitapata mtu wa kukitetea.

Ripoti ya Ndung'u ya 2004, ya tume iliyochunguza unyakuzi wa ardhi ya umma, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kiholela nchi nzima. Usiwarahisishie wanyakuzi kazi.

Hatua ya 6. Ushuru wa stempu: kawaida ni 4% ya thamani mjini na 2% mashambani, na zawadi nayo huhesabiwa. Kuna misamaha kwa taasisi za hisani. Wakili wako aiombe kabla ya kulipa.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

MASWALI

Mwanamtaa: Nimepitia juu juu. Nikimwandikia chifu barua kwamba nimetoa, si inatosha?

Hatua ya 5.

Mwanamtaa: Lakini chifu wetu ni mtu mzuri sana.

Sikatai. Chifu hana rejista ya ardhi. Hatua ya 5.

Kijana wa Shamba: Shukrani mwalimu. Shamba ni letu kabisa, ila hati bado ina jina la babu, alifariki zamani. Naweza kusalimisha nusu ekari?

Huwezi, kwa sababu kisheria bado si lako. Fanyeni urithi kwanza, mahakama iidhinishe mgao, upate hati ya fungu lako, ndipo utoe. Mjomba mmoja asiyekubali ataangusha zawadi yote.

Dada Mpenda Miti: Samahani kwa swali refu. Jirani yangu ana isimenti ya kawaida, njia ya kupita kwenda mtoni. Hiyo ya mazingira inatofautianaje? Na nani ataisimamia nikishaondoka?

Swali refu si kosa, kosa ni la kutosoma. Isimenti ya kawaida inahitaji ardhi mbili: moja inabeba mzigo, ya pili inafaidika. Jirani yako ana njia kwa sababu ana shamba linaloihitaji. Ile ya mazingira haihitaji ardhi ya pili karibu. Anayefaidika ni mazingira, na kupitia hayo, umma. Kuhusu usimamizi, sheria inaruhusu mtu au kikundi kupeleka maombi, kwa hivyo usiende mahakamani peke yako. Nendeni na chama cha wakazi, na agizo likitaje. Nyinyi mkikubaliana, Mahakama ya Mazingira na Ardhi haina vita vya kuamua. Peleka ramani yenye vipimo, picha, na orodha ya kinachokatazwa: kujenga, kuchimba mawe, kukata miti. Kadiri orodha ilivyo wazi, ndivyo mnunuzi wa baadaye atakavyokosa pa kupenyea.

Baba Watatu: Nikiacha uwanja wazi bila karatasi yoyote, si watu watacheza tu? Mbona kujisumbua?

Watacheza. Na mmoja atajenga kibanda, akae miaka 12 bila ruhusa na bila kufukuzwa, kisha adai ardhi kwa kuikalia. Ikiwa unangoja makaratasi, weka kibao: "Ardhi ya mtu binafsi. Umma unaruhusiwa kutumia kwa idhini ya mwenyewe." Anayetumia kwa idhini hawezi kusema aliikalia kinyume cha mwenye mali. Ikishakuwa ya umma hoja hiyo ya miaka 12 haifanyi kazi tena. Kwa njia za kupita ni miaka 20 ya kutumika wazi bila kukatizwa.

Mkazi wa Kweli: Kaunti zote ni wezi. Somo lako ni kuwatafutia plot za bure.

Sijamlazimisha mtu achague kaunti, nimetaja njia tano. Na historia haiko upande wako moja kwa moja. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alitoa bustani yake katikati ya Nairobi mwaka 1906. Mwaka 1991 kukaja mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa. Familia yake ilipinga, Wangari Maathai akapinga, na bustani ipo mpaka leo. Ilibaki kwa sababu kuna watu waliojua ilitolewa na nani na kwa ajili gani. Toa nakala za hati yako, mpe chama cha wakazi, shule, msikiti, kanisa.

Msomaji wa Usiku: Yangu ni lisi (ardhi ya kukodishwa) ya miaka 99, imebaki 31. Nahesabika?

Unahesabika kwa miaka 31. Huwezi kutoa usichonacho. Kama lengo ni milele, salimisha kwa kaunti sasa, na katika makubaliano hayo itajwe kwamba itengwe kuwa uwanja, isigawiwe mtu mwingine.

Fundi Bikoni: Nyongeza, kama mwandishi ataruhusu. Bikoni (alama za mpaka) za viwanja vya wazi hung'olewa usiku kwa sababu hakuna anayelala pale. Mpima akimaliza, piga picha kila bikoni pamoja na kitu kisichohama, mti mkubwa au kona ya ukuta, na uandike umbali kwa mita.

Nimeruhusu na nimenakili. Kung'oa bikoni ni kosa la jinai, kwa hivyo picha zako ni ushahidi.

Dada Mpenda Miti: Je, kupanda ua la kayaba kuzunguka?

Kayaba ina miiba ya kuumiza watoto, na uwanja uliofungwa ua pande zote huanza kuonekana kama plot. Panda miti ya kivuli mpakani, uache nafasi pana kati ya mmoja na mwingine ili watu waingie kutoka kila upande.

Mwanamtaa: Na je, barua ya naibu chifu?