Kutoka barazani hadi chumba chenye kufuli lako: njia niliyopita Kampala

Nililala kwenye baraza la duka Kisenyi miezi kumi na minne. Leo ninakaa Bwaise, kwenye muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, na kila Jumapili mimi ndiye ninayeshika daftari la kikundi chetu cha akiba. Wanaonijia huanza na swali lilelile: nyumba za serikali zinagawiwa wapi? Inaniuma kuwajibu. Foleni ya kugawiwa nyumba hatuna. Nyumba nyingi za serikali ziliuzwa miaka ya 1990, na makazi ya Naguru na Nakawa yakabomolewa mwaka 2011. Katiba ya 1995 inataja makazi yenye staha, lakini milango iliyopo ni miwili: wa landilodi, yaani mwenye nyumba ya kupangisha, na wa kikundi cha akiba. Jipange kwa hiyo.

Kwanza tafuta watu wa kukushuhudia. Landilodi anataka kitambulisho cha taifa, NIRA, mamlaka inayotoa kitambulisho hicho, wanataka muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na mwenyekiti naye anauliza unakaa nyumba gani. Hapo ndipo wengi wetu tulikwama miaka. Mwenyekiti wa kwanza niliyemwendea aliniambia hamjui mtu anayelala nje, nikarudi nikilia. Mara ya pili nilikwenda na mama muuza matoke niliyembebea mizigo soko la Owino mwaka mzima, pamoja na mzee wa msikitini aliyekuwa akiniona kila alfajiri. Sikuomba aandike kwamba nina nyumba. Niliomba aandike kwamba ninafahamika eneo lile, tangu mwezi gani, na wanaonifahamu ni nani. Aliandika. Kwa hiyo chagua mashahidi wenye kibanda au kazi ya mahali pamoja, wenye simu inayopatikana, na mwende asubuhi kabla mwenyekiti hajatoka. Hakikisha barua ina tarehe na muhuri, kisha toa nakala tatu na moja umwachie shahidi wako, kwa sababu mfuko wa mtu anayelala nje huibwa. Kujiandikisha NIRA mara ya kwanza ni bure. Kama kadi ilipotea, anzia polisi upate barua ya upotevu.

Kama uliwahi kukamatwa kwa kosa la kuzurura, usikubali likufungie mlango. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya sheria vilivyomwita mtu mhuni na mzururaji. Landilodi akikuuliza ulikuwa wapi, mweleze ukweli kwa maneno machache, halafu mpe namba ya shahidi.

Pesa ndiyo ilinichelewesha zaidi. Malandilodi wengi wanataka kodi ya miezi mitatu kwa mpigo, na dalali anataka chake. Mimi niliweka shilingi 1,000 kila siku kwenye kikundi kwa miezi minane. Tafuta vikundi vya shirikisho la kitaifa la wakazi wa mitaa duni, National Slum Dwellers Federation of Uganda, lililoanza 2002. Uliza akina mama wa sokoni, watakuonyesha. Nilipomfungulia landilodi daftari langu lenye sahihi za miezi minane, alikubali kodi ya mwezi mmoja, nyingine nilipe kila wiki.

Chumba kitafute mwenyewe, uliza wanaofua nguo na wanaochota maji. Nenda siku mvua imenyesha. Bwaise hufurika, na alama ya maji ukutani haifichiki. Uliza kama yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia, na choo kinatumiwa na milango mingapi.

Sheria ya landilodi na mpangaji ya 2022 inataka mkataba wa shilingi 500,000 na zaidi uwe wa maandishi. Hata kama wako haufiki hapo, andikeni, shahidi atie sahihi. Kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na hakuna kukutoa bila amri ya mahakama. Akikufungia mlango, nenda kwa LC na polisi ukiwa na risiti zako. Wanawake, FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, hutoa msaada wa kisheria bila malipo.

Na ninyi mnaoongoza vikundi vya akiba au ushirika wa nyumba, someni upya masharti yenu. Sisi tulikuwa tunadai mwanachama awe amekaa mtaani miezi sita. Sharti hilo lilimtupa nje mtu yuleyule mwenye shida kubwa kuliko sote. Tumeliondoa, sasa tunapokea mashahidi wawili, na aliyelala nje anahesabiwa zamu yake tangu siku aliyoweka shilingi ya kwanza.

Siku ya kuhamia nunua kufuli jipya, ufunguo mmoja umwachie jirani unayemwamini. Kisha, siku hiyohiyo, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa mpya aandike jina lako kwenye kitabu cha wakazi, na umwombe barua nyingine, safari hii yenye jina la landilodi na chumba unachokaa.