Andalio la somo: tathmini iandikwe kabla ya shughuli

Walimu wenzangu, mfano wetu ni kipindi cha dakika 40 cha kidato cha kwanza hapa Uganda, mada ikiwa ngeli ya KI-VI.

Hatua ya 1. Toa mada katika azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundishwa, kisha jaza darasa, tarehe, muda na idadi ya wanafunzi.

Hatua ya 2. Andika lengo mahususi. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 unasisitiza umilisi, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukitenda. Kwa hiyo vitenzi kama "kuelewa" na "kufahamu" havifai, kwa kuwa havipimiki. Andika hivi: "Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kutunga sentensi tano sahihi zenye nomino za KI-VI, katika umoja na wingi."

Hatua ya 3. Andika tathmini sasa hivi, ingawa fomu nyingi za andalio huiweka mwisho. Ikiwa lengo linadai kutunga sentensi, zoezi la kujaza mapengo halilipimi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo maandalio mengi yanapoharibika.

Hatua ya 4. Gawa muda. Utangulizi (dakika 5): wanafunzi wataje vitu vilivyomo darasani, kama vile kiti, kitabu na kioo. Wanaozungumza Kiganda tayari wana "ekitabo" na "ebitabo", basi anzia hapo. Uwasilishaji (dakika 15): andika ubaoni "kitabu imepotea", kosa linalosikika kila siku, na vikundi vilisahihishe na kueleza sababu. Zoezi (dakika 15), kisha hitimisho (dakika 5). Katika fomu, safu ya shughuli za mwalimu ikijaa huku ya mwanafunzi ikiwa na neno "kusikiliza" tu, huo ni mhadhara.

Hatua ya 5. Orodhesha zana zilizopo kweli. Vitabu na viti vya darasani vinatosha.

Hatua ya 6. Baada ya kipindi, jaza maoni. "Somo lilifaulu" halimsaidii yeyote. "Wengi wamekosea upatanisho katika wingi, nitarudia kwa vitenzi vitatu" linakuandalia kipindi kijacho.

Maswali ya walimu

Swali: Mwalimu, nina wanafunzi zaidi ya mia moja. Nitasahihishaje sentensi tano za kila mmoja?
Jibu: Wabadilishane madaftari na kusahihishana kwa mfano ulioandikwa ubaoni, nawe ukusanye madaftari ya safu moja tu, ukibadilisha safu kila kipindi.

Swali: Je, naruhusiwa kutumia andalio la mwaka jana?
Jibu: Mada na zana zinaweza kubaki, lakini soma kwanza maoni uliyoyaandika wakati ule, urekebishe lengo na muda. Kuandika tarehe mpya juu ya andalio la zamani si kuandaa.

Swali: Muda ukiisha kabla ya zoezi?
Jibu: Punguza sentensi ziwe mbili, moja ya umoja na moja ya wingi, lakini usiliache zoezi, zilizosalia wazifanyie nyumbani.