Usiogope x, anza na nauli ya mat

Kama umewahi kupanda mat kutoka tao jioni mvua ikinyesha, aljebra unaijua, ni vile tu hakuna mtu alikuambia ndio hiyo. Asubuhi makanga anaitisha hamsini, jioni mia, mvua ikianza anaangalia tu vile laini imejaa anasema mia na hamsini na bado mnapanda. Sasa mko watatu na hamjajua leo ni ngapi, lakini mtakacholipa mnaweza kukiandika tayari: 3n. Hiyo n ni nafasi ya namba ambayo haijafika, vitabu vinaiita kigeu, na 3n ni 3 mara n, ile alama ya kuzidisha huwa tunaiacha manake inafanana na x. Mkishuka kuna boda ya hamsini, basi inakuwa 3n + 50.

Makanga akisema mia, ondoa n, mahali pake weka 100 ndani ya mabano: 3(100) + 50 = 350. Akisema 150 ni 500. Mdogo wangu alibandika tu 100 kando ya 3 akapata 3100, nikamuuliza hiyo nauli ni ya kwenda wapi, Mombasa?

Kitu inachanganya watu sana ni kudhani herufi ni jina la kitu. Kwa kibanda ukiandika 4m + 2c, m si mandazi, ni BEI ya mandazi moja, na c ni bei ya kikombe cha chai. Mandazi ikiwa 10 na chai 30, ni 4(10) + 2(30), yaani 40 + 60, mia. Ukizoea kusoma 4m kama "mandazi nne" siku utaambiwa m ni -2 utakwama, mandazi hasi ndo nini?

By the way Al-Khwarizmi, yule wa Baghdad karne ya 9 ambaye neno aljebra limetoka kwa kitabu chake, hakutumia herufi, aliandika yote kwa maneno na namba asiyoijua akaiita tu "kitu". Hizi x na y tumezoea kutoka kwa Descartes, 1637.

Mpangilio ni ule ule wa BODMAS, yaani ule wa nini kinafanywa kwanza kwa hesabu, na kipeo (ile 2 ndogo ya juu, x² ni x mara x) kinatangulia kuzidisha. 2x², x ikiwa 3, ni 2 mara 9, 18, si 36. Na namba ikiwa hasi usiache mabano hata kama unaona haraka, x ikiwa -3 basi x² ni (-3)² ambayo ni 9, lakini ukibonyeza -3² bila mabano kalkuleta nyingi zitakupa -9 na utalaumu mwalimu.

Jaribu hii: 2p - 3q, p ni 4, q ni -1. Jibu ni 11. Ukipata 5, ile alama ya hasi ya q uliiacha.